Ngozi Nzuri ya Numbi

Wewe unayesoma maneno haya huku mkono mmoja unajikuna, ninakuandikia wewe kwanza. Najua umeketi upande gani wa benchi hospitalini, na najua watu wameacha nafasi kiasi gani kati yao na wewe. Lakini nawaandikia pia wale wanaokaa nawe nyumba moja, wenye ngozi laini, wanaokupakulia chakula kwenye sahani ya peke yako. Wao hasa nawaomba wasome mpaka mwisho. Nyumbani kwetu mguu wangu ndio uliowatisha watu, na aliyekuwa karibu kupofuka ni wifi yangu Numbi, ambaye ngozi yake ilikuwa nzuri kuliko ya yeyote kati yetu.

Mume wangu, Tata Banza, alipoacha kazi ya uashi, tulitoka Kolwezi tukaenda kulima mihogo na mahindi chini kidogo ya bwawa la Nzilo. Hapo mto Lualaba unapita kwa haraka kati ya mawe na maji yanakuwa meupe kama maziwa yanayochemka. Numbi, dada yake mkubwa, alikuwa amefiwa na mume, akaja kukaa nasi. Huku kwetu wifi tunamwita bulamu, na bulamu yangu tangu siku ya kwanza aliniona kama mgeni katika nyumba ya mdogo wake, ingawa nilikuwa nimemzalia mdogo wake watoto wote alionao.

Mtoni kulikuwa na inzi weusi, wadogo kama punje ya ulezi. Walikuwa wanauma mchana, miguuni zaidi, tukiwa tumeinama kwenye matuta. Tulijipiga, tukalaani, tukaendelea kulima. Tulikaa hapo misimu mingi ya mvua.

Mguu wangu wa kushoto ulianza wakati mahindi yanatoa ndevu. Mwanzoni ilikuwa kama siafu wamepita chini ya goti. Nikajikuna, nikapaka mafuta ya mawese, nikaomba. Kiangazi kilipofika ngozi ilikuwa nene na imejaa vipele, na ilikuwa nyeusi, si weusi wangu niliozaliwa nao, bali weusi wa makaa. Kinenani pakavimba. Mguu wa kulia ulibaki wangu. Wa kushoto ukawa wa mtu mwingine, mtu mwenye hasira, aliyeingia nyumbani kwangu bila kubisha hodi.

Kuwasha kule sijui nikuelezeje. Maumivu unaweza kuyavumilia ukiwa umekaa kimya, ukifikiria mambo ya Mungu. Kuwashwa hakukuachii hata hiyo nafasi. Nilikuwa naanza Baba Yetu, nikifika katikati nakuta kucha zangu zina damu.

Huku Kolwezi kila ubaya wa ngozi una jibu ambalo liko tayari: maji ya mgodi. Zahanati ya kwanza walinipa dawa ya kuungua. Ya pili pia. Tulihama mtoni tukarudi mjini, kwenye nyumba yetu ndogo karibu na barabara ya malori, ili niwe karibu na matibabu. Vumbi jekundu likaingia kwenye vidonda. Na Numbi akapata watazamaji.

“Mubaone mama wa kanisa,” alikuwa anasema uani, majirani wakiwa wanachota maji. “Muguu moya ya mukristu, muguu moya ya mamba.”

Wengine walicheka. Wengine waliangalia ndoo zao. Mimi nilikuwa nashusha kikwembe mpaka kwenye vidole na kuingia ndani.

Alininunulia sahani yangu na kikombe changu, vya plastiki ya kijani, ili visichanganyike na vingine. Alianika nguo zangu upande wa choo. Siku moja nilimkuta anamwambia mume wangu, bila kushusha sauti:

“Banza, ndugu zake si beko kule Musumba? Apelekwe kule. Atatumaliza sisi bote.”

“Yaya, ni bibi yangu,” Tata Banza alimjibu dada yake.

“Bibi unaweza kupata mwingine. Ngozi utaitoa wapi?”

Tata Banza si mtu wa maneno. Aliinuka, akachukua sahani yangu ya kijani, akajipakulia bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo humo, akala mbele ya dada yake mpaka mwisho. Kwa kitu hicho kimoja namshukuru mpaka leo kuliko kwa nyumba aliyonijengea.

Kanisani mambo yalikuwa mabaya kwa namna nyingine. Sisi kila mwaka, Alhamisi kabla ya Pasaka, tunaoshana miguu. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, kila mmoja anamwosha aliyeketi kulia kwake. Mimi ndiye niliyekuwa nachemsha maji na kupanga mabeseni tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Mwaka ule nilikaa mahali pangu, na benchi la kulia na la kushoto likabaki tupu. Mchungaji alinijia, akainama sikioni.

“Mama, kwa sasa pumzika kwanza. Mpaka upone. Wamama banaogopa.”

“Wanaogopa nini, Pasta?”

Alinyooka, akarudi mbele. Nilibeba birika la maji ya moto, nikawamiminia wengine. Numbi aliletewa beseni na wawili waligombania kuketi kushoto kwake wamwoshe, maana miguu yake ilikuwa inang'aa kama imepakwa siagi.

Sasa nifike kwenye vidonge. Watu wa afya hupita katika kata zetu na vidonge vya minyoo ya mto, ile inayoingizwa mwilini na inzi wale weusi. Wanakuja na fimbo ndefu iliyochorwa mistari. Unasimama karibu nayo, urefu wako unaonyesha umeze vingapi. Kwetu walikuwa wanapimia kwenye uwanja wa kanisa, na kwa kuwa Tata Banza ni mzee wa kanisa, walimwachia vya nyumba nzima, tumeze baada ya kula.

Tulipofika mezani, Numbi alivisukuma vyake kwangu kwa kidole kimoja.

“Mi niko mugonjwa wa nini? Mupe mwenye mamba.”

Tata Banza naye akaviweka vyake mbele yangu, lakini kwa upendo. “Kula hivi pia, Mama. Wewe ndiye unayeteseka.”

Ilionekana ni jambo la akili. Dawa ni ya mgonjwa, mgonjwa alikuwa mimi. Na jirani zetu walikuwa wanafanya hivyohivyo: mwenye kujikuna anakusanyiwa vya wazima. Nikameza vyote. Kesho yake mguu ulivimba kama shina la mgomba, ukawaka moto, nikashindwa kukanyaga. Kila walipopita na fimbo tulifanya vile, na kila mara mguu ulivimba, na Numbi akapata neno lingine la kusema uani: hata dawa inamkataa.

Ni baada ya uvimbe mmoja wa hivyo Tata Banza aliponipeleka hospitali kubwa, kwa daktari wa ngozi.

Benchi la pale ni refu, la mbao, limeng'arishwa na makalio ya watu. Niliketi mwisho wake. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliangalia chini, akaona vidole vyangu, akainuka. Aliyemfuata akasogea. Lakini mchimbaji mmoja, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, mkono umefungwa bendeji, alibaki pale alipo. Aliinamia mguu wangu kama anavyoinamia jiwe shimoni.

“Mama, hii muguu yako ni kobalti tupu. Usipite karibu na depo, bale banunuzi ba madini batakuweka mu mashine, bapime.”

“Na wakinipima?”

“Batakuambia iko muchafu, bakupunguzie bei. Batu bale beko hivo.”

Nilicheka. Ilikuwa miezi sijacheka. Alikaa karibu yangu mpaka nilipoitwa, bega lake likigusa langu, akinisimulia jinsi jiwe lilivyomkamata vidole. Sikumwona tena. Mungu anajua jina lake.

Daktari alikuwa mwanamke, bado kijana, wa huko Kisenge. Aliugusa mguu kwa mikono mitupu. Niliangalia mikono ile, sikuangalia kitu kingine. Akakata kipande kidogo cha ngozi, kidogo kama ganda la ufuta, akakitia kwenye tone la maji na kukiangalia kwenye darubini yake muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea:

“Mama, mulikaa na nani kule mutoni?”

Nikamwambia.

“Balete bote.”

Nilidhani Numbi atakataa. Kinyume chake, alivaa kikwembe chake cha sikukuu na kujipaka mafuta. “Nitaenda. Aone ngozi ya mutu muzima, ajifunze.” Hospitalini alikaa mwanzo wa benchi, mbali nami, akiwaambia watu kwamba yeye amesindikiza tu.

Daktari alimkata kipande kiunoni. Alipokuwa anapapasa pale, vidole vyake vilisimama kwenye kivimbe kigumu chini ya ngozi.

“Hiki ni cha tangu lini?”

“Ni cha uzee,” Numbi alisema. “Hakiume.”

Daktari aliweka kioo kwenye darubini, akaangalia, akasimama pembeni. “Mama Numbi, kuya uone.”

Numbi aliinama. Jicho moja halikuona kitu, akabadilisha jingine. Nilimwona mgongo unakakamaa.

“Ni nini hivi bitu binatembea?”

“Ni tuminyoo. Tuko mu ngozi yako.”

“Uongo! Umechanganya. Hiki ni kioo cha huyu!”

“Cha huyu ni hiki.” Daktari akaweka kingine. “Angalia. Nilitafuta sana, nikapata kamoya tu, na kamekufa.”

Nje lori lilipita, vioo vikatetemeka. Tata Banza ndiye aliyeuliza swali langu: inawezekanaje mwenye minyoo awe hana hata upele, na asiye na minyoo aungue hivi?

Sitaandika udaktari, sina elimu yake. Nitaandika alivyotuambia, kwa sababu maneno yale yaligeuza nyumba yetu.

“Mu damu ya kila mutu kuko askari,” alisema. “Na kuko bengine, kazi yabo ni kutuliza askari. Banabaambia: inatosha, musichome nyumba juu ya panya. Kwa Mama huyu, batulizaji ni bachache, tena beko zaifu. Askari banaona kanyoo kamoya, banachoma muguu muzima. Kanyoo kanakufa, na ngozi yake njo inalipa. Ukimupa vidonge bya batu bote, tuminyoo tunakufa mara moja, moto unazidi. Njo sababu ya ule uvimbe.”

“Na mimi?” Numbi alisema. Sauti ilikuwa ndogo.

“Kwako batulizaji ni bengi. Tena ile minyoo inajua kubaongeza, kusudi ipate kukaa. Askari bako banalala. Haujikune, hauvimbe. Minyoo mikubwa iko mu kile kivimbe, inazaa, ile midogo inatembea, inapanda mpaka ku macho.” Alimwangalia. “Unaona muzuri, mama?”

“Mi naona.”

“Uniambie ukweli.”

“Naona! Ni moshi ya mbabula ya makaa tu inaniuma.”

Maisha yangu yote nimeomba amani. Niliketi pale nikiwaza kwamba damu yangu ni ya vita, na kwamba ya bulamu yangu, mwenye ulimi ule, ndiyo yenye amani, na amani ile inamla macho. Nilimwachia Mungu jambo hilo. Ni kubwa kuliko kichwa changu.

Mimi nilipewa kapsuli za kumeza kila siku kwa majuma kadhaa, na vidonge kwa kipimo changu mwenyewe tu. Tata Banza, aliyekutwa na minyoo kidogo, alimeza vyake palepale. Numbi alivifunga vyake kwenye ncha ya kikwembe.

“Daktari anaposema nitajikuna nikimeza, ni kweli?” aliniuliza njiani. Lilikuwa swali la kwanza aliloniuliza tangu tuhame mtoni.

“Siku chache, amesema. Kwa sababu wanakufa.”

“Njo kitu unataka. Nikuwe kama weye.”

Hakuvimeza. Akawaambia majirani kwamba daktari na mimi tumepatana. Niliposema kwa upole, alinijibu kwa ukali. Tata Banza aliposema, alitishia kwenda kukaa kwa watu. Kiangazi kikapita. Vidonge vyake vilikaa juu ya kabati ndani ya kikombe changu cha kijani, ambacho sasa hakikuwa na kazi nyingine. Mguu wangu ulianza kulegea kidogo kidogo. Nilirudi kusali Baba Yetu mpaka mwisho.

Na macho yake yakawa yanaondoka. Niliona anavyoshika ukuta akitoka nje kwenye jua. Niliona kanisani anaimba kwa kukariri, kitabu kimefunguliwa mahali pengine. Sitasema kwamba sikuwahi kufikiri: mwache. Lakini mtu anayekula nawe chungu kimoja huwezi kumtazama anazama ukasema mwache.

Kuchagua maharagi ilikuwa kazi yake. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Aliyamwaga kwenye ungo, akatoa mawe kwa ncha za vidole, na alikuwa anajisifu kwamba hakuna jino lililowahi kuvunjika kwenye chakula chake. Mvua ya kwanza iliponyesha, wakati wamama wanauza uyoga barabarani, Tata Banza aliuma jiwe. Hakusema, alilitoa polepole. Kesho yake mimi niliuma jingine. Tangu siku hiyo, Numbi akishamaliza na kwenda kunawa, mimi nilikuwa namwaga maharagi upya na kuyachagua, kisha nayarudisha kwenye ungo wake kama alivyoyaacha.

Mchana mmoja alirudi kabla sijamaliza. Alisimama mlangoni, mwanga nyuma yake.

“Unafanya nini na ungo yangu?”

“Nakusaidia kidogo, bulamu.”

Alikuja, akapapasa mezani mpaka vidole vyake vikafika kwenye mawe niliyoyatoa. Lilikuwa rundo. Akaligusa lote, jiwe kwa jiwe.

“Unanichagulia maharagi ku nyuma yangu,” alisema. Nilidhani atapiga kelele, uani palikuwa na watu. Hakupiga. “Tangu lini?”

“Tangu mvua ya kwanza.”

“Na Banza anajua?”

“Anajua.”

“Na mulikuwa munakula mawe, munanyamaza.”

“Tulinyamaza.”

Aliketi. Akarudisha mikono yake juu ya ungo. Halafu akasema kwa hasira ileile ya kila siku, kama ananiagiza chumvi:

“Leta kile kikombe chako kibaya.”

Alimeza mbele yangu, nikimhesabia mkononi kama fimbo ilivyosema.

Kesho yake alijikuna. Bwana wangu, alijikuna! Mgongo, mapaja, masikio. Uso ulivimba. Nyumba nzima ilimsikia, na mtaa pia: “Ameniambukiza! Amenipa mamba yake!” Nilikaa nyuma yake na kitambaa cha maji baridi, nikamkuna mgongo kwa kiganja, si kwa kucha, kama nilivyojifunza mwenyewe.

“Hapo?”

“Chini. Chini! Una mikono ya simenti weye. Ulibeba hii kitu namna gani myaka yote?”

“Nilibeba hivyohivyo.”

Akanisogezea mgongo. “Kuna,” akasema.

Daktari alituambia baadaye kwamba jicho la kushoto lilikuwa limeshapotea kiasi, halitarudi. La kulia lilisimama pale lilipofika. Anachagua maharagi mwenyewe sasa, kichwa kimegeuzwa upande mmoja, na bado nayapitia mara ya pili. Tofauti ni kwamba nafanya mbele yake, naye ananitukana nikiwa nafanya.

Wewe unayejikuna: usikubali vidonge vya wengine, hata ukipewa kwa upendo. Na ninyi wenye ngozi nzuri, mezeni vyenu.

Alhamisi kabla ya Pasaka iliyopita nilikaa mahali pangu. Mguu bado ni mweusi kuliko mwenzake, ila umelainika, na vipele vimelala. Mchungaji alikuwa amekwisha kusema na wamama, lakini kusema ni kitu kimoja na mabenchi ni kingine. Kushoto kwangu pakabaki wazi. Kisha nikasikia beseni linaburuzwa sakafuni. Numbi alikuwa anakuja, anapapasa migongo ya mabenchi, anawakanyaga watu bila kuomba radhi. Akaketi kwenye kigoda mbele yangu na kuupandisha mguu wangu wa kushoto juu ya paja lake.

Hakuniosha kama wanavyooshana wengine, kwa kumwagia maji na kupangusa. Alinisugua kama sufuria iliyoungua.

“Bulamu, unaniumiza.”

“Nyamaza. Mi sione muzuri. Nasugua mpaka nijue ni muguu.”

Wamama walikuwa wameacha kuoshana, wanatuangalia. Alipomaliza aliufuta kwa kikwembe chake cha sikukuu, akauweka chini, akanyoosha mkono.

“Lete ingine.”

“Ule mwingine ni mzima, bulamu. Haukuwahi kuwa na kitu.”

“Ule wenye ngozi muzuri,” Numbi alisema, “njo mi naogopa. Lete.”